Polka ya Siku ya Wazazi

Nyumbani kwa dada yangu, chumba cha nyuma
3 Machi

Wifi yangu,

Nimefika salama, kama mtu mwenye vyuma vinne ndani ya mguu anaweza kuitwa salama. Dada amenipa chumba cha nyuma. Kitanda kinapiga kelele nikigeuka, na dirisha linatazama ukuta wa jirani. Daktari amesema wiki kumi bila kukanyaga chini. Wiki kumi, jamani, kwa ajili ya kutundika pazia! Miaka kumi na tisa nimegonga flamenko kwenye mbao mbovu za ukumbi ule sijateguka hata kidole, nikaja kuangushwa na kigoda cha jikoni kwangu.

Usinipigie simu. Kwenye simu nitalia, na ndugu yangu, yaani huyo mume wako, akisikia nalia atanicheka mpaka uzeeni. Dereva wa basi la vifurushi anapita hapa kila baada ya siku mbili tatu. Mpe barua, nami nitampa zangu.

Sasa nisikilize. Najua miaka minane umekaa pembeni ya darasa langu ukibonyeza mashine ya muziki, na kubonyeza unabonyeza vizuri, sikatai. Lakini kubonyeza ni kitu kimoja na kufundisha ni kingine. Fuata ninayokwambia, usiongeze chumvi. Wakubwa kumi ni Jumatano, wadogo kumi ni Jumamosi. Ireland tumeimaliza: mikono imelala mbavuni, miguu ndiyo inasema. Mwenye duka la magodoro hapo chini akija kulalamika kuwa vumbi la dari linamwagikia bidhaa zake, mwambie ndiyo, samahani, halafu endelea. Sasa ni flamenko, kisha India, halafu polka kwa ajili ya Siku ya Wazazi.

Unasimama mbele, unawapa mgongo, unacheza, wanafuata. Usigeuke. Kuna sababu yake na sina nguvu ya kuieleza leo. Mgongo wangu una masikio. Mtoto akikosea kule nyuma kabisa, namjua kwa mlio wa kiatu chake.

Yule mtoto mdogo wa msusi, Kisigino, mwache kwenye benchi. Mwaka mzima amekaa pale anapigapiga benchi kwa visigino na hainuki. Nimemvumilia, nimemwachia pipi kwenye benchi, nimemnyima pipi. Siku yake itafika na nitakuwepo.

Viatu vyangu vyekundu usiviguse.

Wifi yako,
Mwalimu


Ukumbini, juu ya magodoro
11 Machi

Wifi mpenzi, mama wa miguu yote,

Pole tena na mguu. Ndugu yako anakusalimu, anasema kigoda kile amekihukumu kifungo cha maisha, kiko juu ya kabati.

Wifi, nina mambo! Jumatano wakubwa walikwenda vizuri, yule msichana mrefu aliongoza flamenko mimi nikawa nafuata tu kwa nyuma kama mkia. Lakini Jumamosi wadogo, weee! Niliwapa mgongo kama ulivyosema. Sijamaliza hata makofi ya kwanza, nasikia “aaah, ananivuta!” Nikageuka. Wawili wako chini wanang'ang'ania soksi. Nikarudi kuwapa mgongo, mmoja akaenda chooni na watatu wakamsindikiza. Mimi mgongo wangu hauna masikio, wifi, una jasho tu. Basi nikaamua kubaki nimegeuka, nikawatazama. Nisamehe, lakini walitulia.

Halafu nikapata akili nyingine. Sokoni nilinunua mpira wa plastiki, ule wenye ramani ya dunia. Tunakaa duara, ninaurusha, mtoto anaudaka, na pale kidole gumba chake kilipoangukia ndiko tunakocheza. Kikiangukia Brazili tunacheza samba. Kikiangukia India tunachezesha macho kwanza, miguu baadaye, na ungewaona walivyokuwa wanakodoa ungekufa kwa kicheko. Kikiangukia baharini tunakunywa maji. Mmoja alidaka kile kisiwa cha Hawaii, nikawafundisha kuonyesha mvua na samaki kwa mikono. Samaki wengine walikuwa kama mijusi, lakini walikuwa na furaha.

Nimekuwekea habari tamu mwishoni. Kisigino amecheza! Mpira ulibingirika mpaka kwenye benchi lake, akaudaka, kidole kikiwa Brazili. Watoto wote wakageuka kumtazama. Akashuka, akaja mpaka mbele yangu, akanitazama, akaanza kutikisa mabega. Dakika nzima. Mama yake alikuwa mlangoni amekuja kumchukua, akalia, mimi nikalia, mtoto akatuuliza nani amekufa.

Nilikuwa nakufikiria wewe muda wote.

Wifi yako wa kubonyeza


Chumba cha nyuma
15 Machi

Wifi,

Barua yako imefika. Nimefurahi.

Naandika tena ili nione kama ni kweli: nimefurahi. Hapana. Tangu dereva alipoondoka nimekaa na karatasi yako mapajani kama mtu aliyeletewa hati ya mahakama. Dada ameniuliza mara mbili kama mguu unauma. Nimesema ndiyo.

Mpira! Nilitumia miaka miwili ya ujana wangu kujifunza flamenko kwa mama mmoja aliyekuwa akinipiga fimbo ya kisigino nikichelewa nusu pigo, na wewe unairusha hewani na watoto wanaidaka kwa kidole gumba. Haya. Dunia yako imejaa upepo, wifi, angalia isije ikapasuka.

Sasa nijibu haya, tena kwa ukamilifu. Kisigino alianza na mguu gani? Alicheka au alinuna? Nani alikuwa amekaa karibu naye? Alivaa viatu au alikuwa peku? Uliwahi kumwambia kitu kabla, labda siku ambazo mimi niko mbele na wewe uko pembeni na mashine yako? Nauliza kwa sababu ni mwanafunzi wangu. Mwaka mzima nimemtafuta mtoto yule. Nimemtafuta mpaka usingizini. Hukupaswa kumpata kwa wiki moja kwa mpira wa sokoni.

Na kwa nini aliyelia ni wewe?

Mwalimu


Ukumbini
22 Machi

Wifi yangu,

Nilisoma barua yako nikasema moyoni, huyu, maumivu ya mguu yamempanda kichwani, sitakasirika. Nikakasirika kidogo, nikapika, ikapita.

Nakujibu. Alianza na mabega, miguu ikafuata, sikuona ulikuwa upi. Hakucheka wala hakununa, alikuwa kazini. Alikuwa peku. Sikuwahi kumwambia lolote kabla, nilikuwa nampungia mkono tu kutoka kwenye spika, kama ninavyompungia kila mtu. Nililia kwa sababu mimi nalia hata kwenye matangazo ya sabuni, unanijua.

Sasa anacheza kila Jumamosi. Anakuja wa kwanza, anasimama mbele kabisa, karibu kunikanyaga.

Nina jambo nimelizunguka siku tatu, bora nilitoe. Yule mfamasia, mwenyekiti wa wazazi, alikuja kutazama. Akasema wanafikiria, hata ukirudi, Jumamosi ya wadogo ibaki kwangu, wewe uchukue wakubwa, ili usichoshe mguu. Nilimwambia hilo si langu kuamua, darasa lina mwenyewe. Lakini sitakudanganya, wifi. Akiniuliza tena nitapenda kusema ndiyo. Miaka minane nimebonyeza. Sikujua kama nilikuwa na hamu hivi.

Siku ya Wazazi ni Jumamosi ya tarehe kumi na tatu Aprili. Wakubwa wanaijua polka yako tangu mwaka jana, yule mrefu anawaongoza, sina hofu nao. Wadogo hawaijui hata kwa jina. Tafadhali niandikie hatua, taratibu, kama unamwandikia mtu mwenye kichwa kigumu. Na niambie, niwachanganye wadogo na wakubwa mapema wajaribu pamoja, au vipi? Mfamasia anauliza kama ukumbi utahitajika siku za ziada.

Wifi yako


Chumba cha nyuma
27 Machi

Wifi mpendwa,

Umesema vizuri sana, tena kwa uungwana. Nimelala nalo na nimeamka nalo. Darasa lina mwenyewe, ndiyo, lakini mwenyewe amelazwa. Tutazungumza nikirudi.

Hatua za polka hizi hapa. Mruko mdogo, kisha hatua tatu za haraka, kisha mruko tena. Mruko, moja-mbili-tatu. Waanze na mguu wa kulia daima. Wakishazoea, wapange mistari miwili inayotazamana: wadogo upande wa dirisha, wakubwa upande wa mlango. Muziki ukifika kwenye pigo kubwa, mistari inaendeana mbio. Kila mtoto anachepuka kulia kwake, wanapitana katikati, kila mmoja anaishia upande wa pili. Wazazi huipenda sana sehemu hiyo, na kila mwaka hupiga makofi kabla haijaisha.

Hakuna haja ya kuwachanganya mapema. Wadogo watachoka na wakubwa watawacheka. Kila kundi lijue lake, wakutane siku hiyo hiyo, hapo ndipo uzuri ulipo.

Na maadam wadogo wamezoea kukutazama usoni, endelea hivyo hivyo. Usigeuke sasa, utawachanganya.

Wifi yako anayekupenda,
Mwalimu


Nyumbani
14 Aprili

Wifi,

Sijui nianzie wapi. Naanza na kibaya ili kitoke: Kisigino ameumia.

Ukumbi ulijaa mpaka mwenye magodoro alipanda juu na viti vyake mwenyewe. Ireland ilikwenda, samba ilikwenda, watu wakapiga vigelegele. Tukaingia polka. Wadogo dirishani, wakubwa mlangoni, kama ulivyoandika. Pigo kubwa likafika, wakatoka mbio. Wifi, walienda moja kwa moja kifuani mwa wenzao! Kila mtoto na wake, vichwa na vifua, kama mtu amewapanga wagongane. Wakubwa wakachepuka na wadogo wakachepukia huko huko. Kisigino alikutana na yule msichana mrefu, yule mrefu akainama kumzuia, paji lake la uso likapiga mdomo wa mtoto. Jino limetoka, mdomo wa juu umepasuka, ameshonwa nyuzi mbili. Gauni lake la polka lilikuwa jeupe.

Mimi nilikuwa nimesimama tu na rimoti mkononi. Muziki uliendelea, sikukumbuka hata kubonyeza.

Mfamasia alinifuata nje, akaniuliza nimewafundisha nini. Nilimwambia kosa ni langu, huenda nilisoma hatua vibaya, huenda sijui hata kulia ni wapi. Nimerudia kuisoma barua yako mara ishirini na bado sijui nilipokosea. Wazazi wamekaa kikao pale pale kwenye ngazi. Darasa limefungwa mpaka urudi, na mimi nisipande tena mbele ya watoto. Mama mmoja alisema kwa sauti, “Huyu si alikuwa wa kuwasha redio tu?” Ndugu yako alitaka kumjibu, nikamshika mkono.

Walikuwa na haki. Nilijifanya mwalimu.

Nimeficha ule mpira chini ya kitanda, sitaki kuuona.

Wifi yako


Chumba cha nyuma
17 Aprili

Wifi,

Pole sana. Usijilaumu kupita kiasi, haya mambo yanataka uzoefu na uzoefu haununuliwi. Meno ya utoto hutoka tu, mengine yataota. Mfamasia ameniandikia barua ndefu ya kunibembeleza nirudi, anasema sasa ndipo wazazi wameona thamani yangu. Nitarudi Mei.

Naandika kwa kifupi, dereva anasubiri nje.

Mwalimu


Nyumbani
20 Aprili

Wifi yangu,

Asante kwa maneno ya upole. Sikuyastahili.

Leo nilikwenda kwa msusi kumwona Kisigino. Nilidhani nitafukuzwa, lakini yule mama aliniwekea kiti katikati ya wateja wenye mafuta kichwani, akasema mtoto yuko nyuma, nenda. Amevimba mdomo, anakunywa uji kwa mrija. Nikamwambia nimekuja kuomba msamaha. Akaniuliza kama nitacheza naye tena. Nikasema hapana, mwalimu wako anarudi, yule mwenyewe.

Akauliza, “Yule wa kisogo?”

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema yule mwalimu ambaye ana kisogo tu. Hakusema kwa ubaya, wifi, alisema kama mtu anavyosema yule mwenye gari la bluu. Nikamuuliza, ndiyo maana ulikuwa hushuki kwenye benchi? Akasema alikuwa anasubiri aitwe. Alisema, “Sikujua kama ananiona.”

Sikutaka kukuandikia hili. Nimelifikiria njia nzima. Lakini yale maswali yako yote yalikuwa yanauliza kwa nini alicheza kwangu, na mimi sikuwa na jibu, nikaona nikilipata nikakuficha nitakuwa nimekuibia. Nilimwambia mtoto kwamba wewe ni mwalimu hodari, ulimjua kwa mlio wa visigino vyake, na jina lake ni wewe uliyempa. Hilo lilimfurahisha.

Funguo za ukumbi nimempa mwenye magodoro. Viatu vyako vyekundu nimevifuta vumbi bila kuvigusa ndani. Nitarudi kwenye kazi yangu ya kushona mashuka, usiwe na wasiwasi, na wewe ukirudi ukitaka mtu wa kubonyeza, nipo.

Wifi yako


Chumba cha nyuma
24 Aprili

Wifi,

Kaa chini kabla ya kusoma. Mume wako asome pia, ni ndugu yangu, ana haki.

Hukukosea. Ulifuata kila neno nililoandika, na niliandika ili watoto wagongane.

Nitakueleza kama kwa mtu mwenye kichwa kigumu, ingawa mwenye kichwa kigumu ni mimi. Watoto wadogo hawajui kulia wala kushoto, wanaiga tu. Ukiwatazama usoni ukanyoosha mkono wako wa kulia, wao hunyoosha wa kushoto, kama kwenye kioo. Kwa hiyo kila uliposema kulia ukaenda kulia, wadogo walikwenda kushoto, na hukuweza kujua kwa sababu kundi zima lilikwenda pamoja na likapendeza. Mimi huwapa mgongo kwa sababu hiyo, ili kulia kwangu kuwe kulia kwao. Anayewatazama usoni lazima acheze kinyume, na ni mstari mmoja tu wa kukuandikia. Niliuandika. Kisha nikaichana ile karatasi, nikaandika nyingine bila huo mstari. Wakubwa nimewafundisha mimi, wanachepuka kulia. Wadogo umewafundisha wewe, wanachepuka kushoto. Ukiwaweka uso kwa uso, wanakwenda upande mmoja. Ndiyo maana nilikwambia usiwachanganye mapema. Ndiyo maana nilikwambia usigeuke, uendelee kuwatazama.

Sikutaka mtoto aumie, haki ya Mungu. Nilitaka wazazi wacheke. Nilitaka vurugu ndogo, watoto wakwame, wewe uone haya, mfamasia aseme kumbe kazi ina mwenyewe. Nilikaa kitandani hapa siku ile, saa kumi jioni, nikihesabu: sasa Ireland, sasa samba, sasa. Nilikuwa natabasamu, wifi. Wakati ule ule mdomo wa yule mtoto ulikuwa unapasuka.

Wivu ulinikaba tangu barua yako ya kwanza. Sikuonea wivu mpira wala samba. Nilimwonea wivu mtoto wa miaka mitano kwa sababu alikuchagua wewe. Ukanieleza jinsi alivyokuja mbele yako akakutazama, na kitu ndani yangu kikageuka, sijapata kukirudisha mahali pake mpaka leo.

Halafu ukaniandikia lile la kisogo, ukaomba radhi kwa kuniandikia. Ukafuta viatu vyangu. Ningekuwa na miguu ningekuja usiku ule ule nikupigie magoti.

Nimemwandikia mfamasia haya haya, neno kwa neno, na nimemwambia asome mbele ya wazazi wote. Barua inakwenda na dereva pamoja na hii. Sijakuomba msamaha kwa sababu sijui unaombwaje kwa jambo kama hili.

Aliyekuwa mwalimu


Nyumbani
2 Mei

Wifi,

Ndugu yako aliisoma barua yako amesimama, akakaa, akatoka nje, hajaitaja tena. Mimi niliitupa chini. Nikaiokota nikaisoma, nikaitupa tena. Siku tatu sikupika. Ulinifanya nisimame mbele ya watu nikiri kosa ambalo ulilipika wewe, ukanitumia pole! Eti uzoefu haununuliwi! Nilikwenda kwa mtoto yule kupiga magoti kwa niaba yako bila kujua. Sijawahi kumchukia mtu, wifi, na sikuwa najua kama naweza. Naweza.

Mfamasia alisoma barua yako kwenye kikao. Wengine walitaka usiingie tena ukumbini. Yule mama wa redio alikuja kuniomba radhi, nikamwambia nitafikiria. Msusi ndiye aliyewanyamazisha. Alisema mtu angeweza kukaa kimya na hakuna ambaye angejua, na kwamba yeye anataka kumwona mtu huyo machoni kwanza. Wakaniachia mimi niamue, juu ya darasa la wakubwa na la wadogo.

Nimeamua. Darasa ni langu. Sikuombi, nakuarifu. Jumamosi ya tarehe kumi na moja nitawaita wakubwa na wadogo pamoja, nawe utakuja na magongo yako. Hutacheza, huwezi. Utakaa mbele, uwatazame watoto usoni, na utamwambia Kisigino ulichofanya kwa maneno atakayoelewa. Halafu utabaki mpaka mwisho wa kipindi. Usinibembeleze. Usiniletee zawadi.

Sijakusamehe. Ndugu yako atakufuata Ijumaa na gari la rafiki yake.

Wifi yako


Nyumbani kwangu, mtaa wa pili kutoka kwako
12 Mei

Wifi,

Najua naweza kuvuka barabara nikakwambia. Siwezi. Jana ukumbini ulinipa mkono na hukunitazama, na sikulaumu, basi acha niandike kwa mara nyingine.

Nilifanya ulivyoagiza. Kisigino alikuja na mama yake. Niliinama kwenye kiti kadiri mguu ulivyoniruhusu, nikamwambia nilijua kuwa wangegongana na sikusema, kwa sababu nilikuwa na wivu. Akauliza wivu wa nini. Nikamwambia wa wewe kumpenda anti. Alinikagua muda mrefu kutoka paji la uso mpaka kidevu, kama fundi anayetazama ukuta, kovu lake la mdomo likiwa bado jekundu. Nilingoja aniambie sikupendi. Akasema, “Kumbe una miwani.”

Mwaka mzima, wifi. Kila Jumamosi mwaka mzima.

Halafu mkacheza, na mimi sikuwa na pa kugeukia. Miaka kumi na tisa nimewasikia watoto wakicheza. Nilijivuna kwa hilo, nilikuandikia kwa majivuno. Jana ndiyo mara ya kwanza kuwaona. Kuna mmoja anatoa ulimi kwenye hatua ya tatu kila mara. Yule msichana mrefu, ambaye nimemfundisha miaka sita na nilidhani namjua mpaka kucha, hufumba macho kwenye mzunguko na anatabasamu. Sikuwa najua kama anatabasamu. Kuna pacha wawili ambao mimi huwa nawafokea kwa kuchelewa, kumbe huchelewa kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenzake. Nilifikiria watoto wote waliopita ukumbini pale kabla ya hawa, wengine sasa wana watoto wao, na nyuso zao sikuwahi kuziona zikicheza. Mwenye magodoro alipanda kulalamika, akanikuta nalia, akashuka kwa kunyata.

Uliwapanga mistari miwili. Polka. Nilitaka kuinuka nikupigie kelele usiirudie, lakini uliirudia, na ulicheza kinyume mbele ya wadogo, kulia kwao, sawasawa kabisa. Ulijifunza kutoka kwenye barua ile mbaya. Wakaendeana mbio, nikafumba macho, nikayafumbua kwa nguvu kwa sababu uliniambia nitazame. Wakapitana. Kisigino alipita katikati ya wale wakubwa mikono juu, akafika upande wa pili, upande wa kiti changu. Nilikuwa nimeshafungua mikono. Nilidhani, sijui nilidhani nini.

Akanipita, akakukimbilia wewe.

Wivu ule ule, wifi. Ulinipanda pale pale kifuani kama haujawahi kuondoka, na naona hautaondoka. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka. Jumamosi ijayo nitakuja tena, kama bado unaruhusu. Niwekee kiti mahali nitakapokuona na wewe ukicheza, maana wewe pia sijawahi kukutazama.

Wifi yako